Usishushe Mguu kwa Ajili ya Wageni

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimu. Sisi huku Daa, Karatu, tu wazima, na mahindi yameanza kubeba. Umeniuliza kama ni kawaida mguu kuvimba na kuwa mweusi kila unapoushusha, baada ya kupasuliwa kile kinundu cha kidole gumba. Unasema hofu inakunyima usingizi. Nilipopasuliwa kama wewe, nikiwa msichana, niliamini kwamba mguu wangu utakatwa.

Daktari aliniagiza niuweke juu kuliko moyo. Lakini wageni walifika mchana kutwa kunipa pole, na msichana hawaelekezei wazee unyayo. Kila hodi ilipopigwa, niliushusha. Ukajaa, ukawaka moto, ukageuka rangi ya zambarau. Shangazi yangu kutoka Buger aliutazama akauliza, "Mguu huu ni wako, au wa marehemu?" Wengine walicheka. Mimi niliurudisha juu kwa hofu.

Kisha akaingia babu yangu, mkali kuliko wote. Nikauteremsha upesi.

"Urudishe juu," akasema. "Nimekuja kuusalimu huo."

Nikauinua mbele yake kwa aibu. Akaketi, akautazama mpaka rangi ile ilipofifia.

Ndiyo, ni kawaida; uvimbe huchukua miezi kuisha. Ila ukipata homa, usaha, au maumivu kwenye shavu la mguu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nitafika kwako Jumamosi. Nikikukuta umesimama mlangoni kunipokea, nitageuka nirudi Karatu.

Bibi yako