Kofia Iliyonunua Kivuko

Picha ya Ndege,
Kibaha.
Jumapili, mwisho wa Februari.

Kwa Dada yangu Zena,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima na umekaa, maana ukiisoma umesimama utatafuta pa kushika. Shemeji na watoto nawasalimu mmoja mmoja. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, analala na kulalamika, na mganga wa kituo cha afya amesema mtu anayelalamika kwa sauti ile mapafu yake hayana neno. Habari zake nyingine ziko mbele, zisubiri zamu.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijafika kwenye jambo, kisha salio linaisha na jambo linabaki kwangu. Barua haina pa kukatiza. Nimempa Faudhia, anakuja huko Kisarawe kwenye arusi, na nimemwambia asikukabidhi mpaka umalize kupika.

Dada, makalavati yamefika, yale mabomba ya zege ya kujengea kivuko cha korongoni! Nimeandika hivyo mapema ili roho yako itulie, maana nalikumbuka vizuri neno lako la siku ya Idi. Mama alikuwa ameteleza korongoni masika iliyopita, nyonga ikamsumbua miezi, nawe ukasema mbele yetu sote kwamba masika nyingine ikitukuta bila kivuko utakuja kumchukua akaishi kwako Kisarawe, na kabla ya hapo asithubutu kukanyaga lile korongo. Ukaniapisha. Mama alinyamaza, na wewe unajua Mama akinyamaza ni sawa na mwingine kupiga yowe. Hataki kuondoka. Ana mashoga zake huku, ana meza yake ya vitumbua mlangoni, ana watu wa kugombana nao. Na mimi, niseme kweli, nyumba bila Mama nitabaki na cherehani, na cherehani haijui kujibizana.

Basi sikiliza tulivyokipata.

Tumeomba kivuko kwa miaka, na barua zetu zilikuwa zikienda kwenye ofisi moja ambayo siitaji kwa sababu bado tunaihitaji. Tulikuwa tunajibiwa kwamba suala lipo kwenye mchakato. Unajua kibanda changu kinatazamana na ofisi ya mtaa, huku upande wa barabara. Wenzangu wamesomea uongozi chuoni, mimi nimeusomea dirishani. Nilichojifunza ni kwamba mchakato ni mahali, na vitu vikishakwenda huko havina nauli ya kurudia. Lakini safari hii kimoja kilirudi. Mtendaji wetu wa mtaa akatangaza kwamba halmashauri ina uwezo wa kujenga kivuko kimoja, na wananchi wenyewe ndio wakae waseme kijengwe wapi. Tukishindwa kuelewana kwenye mkutano huo, kitapelekwa Visiga, ambako nako wana korongo na tena wanaelewana.

Huyo mtendaji ni mgeni kwetu. Anaitwa Ambokile, kijana mpole wa kutoka Rungwe, na suruali zake nazipunguza mimi: kiuno kidogo, heshima kubwa. Hajazoea mambo ya Pwani. Hilo likumbuke.

Siku ya mkutano watu walijaa uwanja wa ofisi hadi mwenye mahindi ya kuchoma akahamisha jiko. Upande wa juu walitaka kivuko kielekee kwenye bucha ya Magembe, yule Msukuma uliyewahi kumsifia mizani yake, ambaye ng'ombe wake wako kwa kaka zake Magindu. Akaeleza vizuri tu kwamba kwake pana maduka na magari yanasimama. Upande wa chini tukataka kivuko kikae kwenye njia ya kituo cha afya, wanapopita wajawazito, wagonjwa na wazee. Hoja zikaenda zikarudi. Mwenyekiti akawa anakaribia kuita mikono.

Hapo akasimama bibi mmoja wa Kizaramo wa ng'ambo ya korongo. Jina lake nitakutajia, usiniharakishe. Akaomba ruhusa, akapewa, akasema:

"Mwenyekiti, kwenye kuhesabu mikono, Magembe asihesabiwe. Huyu ni mtumwa wangu. Babu yangu alimpata kwa kibaba cha chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga."

Watu wakacheka. Magembe akainuka taratibu, kama mtu aliyekuwa akiisubiri saa hiyo tangu asubuhi, akauliza Wazaramo wakipewa kivuko watakitumia kwenda wapi, maana safari yao ndefu kuliko zote ni kutoka kwenye mkeka kwenda kwenye ngoma. Bibi akamjibu kwamba afadhali mkeka kuliko kulala zizini na kumwita ndama mwanangu. Magembe akasema basi kivuko kijengwe kwake, na bibi atavushwa bure akileta jogoo. Ndipo yule bibi akamwendea mpaka alipo, akamvua ile kofia yake ya pama, akajivika mwenyewe, akarudi kukaa. Akasema mali ya mtumwa ni mali ya bwana wake.

Dada, mimi na wewe tumelelewa humo. Msukuma na Mzaramo ni watani tangu babu zao walipokuwa wanashuka pwani kwa miguu na mizigo kichwani. Mtani anakuvua kofia, anakukalia matanga kwa vichekesho, na ukinuna ndiye unayeonekana huna adabu. Uwanja mzima ulikuwa unalia kwa kicheko. Mtu mmoja tu hakucheka. Ambokile alikuwa amesikia neno mtumwa, amesikia makabila yakitajwa kwa majina, kisha ameona kwa macho yake mali ya raia ikinyang'anywa hadharani. Akasimama, uso umempauka, akasema mkutano umeahirishwa kwa sababu za usalama. Akaingia ofisini na kupiga simu. Dirisha lake halifungi vizuri, nami sikio langu halikuwa na kazi nyingine. Nilimsikia akisema kuna dalili za mgogoro wa kikabila.

Kicheko kilikatika kama uzi mbovu. Hakuna mkono uliohesabiwa, kwa hiyo hatukuwa na maamuzi, na bila maamuzi kivuko ni cha Visiga. Mwenyekiti alijaribu kumweleza Ambokile habari ya utani, akajibiwa kwa upole kwamba taarifa imeshapanda juu na yeye hana ngazi ya kuifuata. Magembe alikaa kwenye benchi langu kichwa wazi, akaniambia kwamba tumekichekea kivuko mpaka kimekimbia. Mimi nilikuwa nashona sketi ya shule, nikagundua nimeunga kiuno na pindo. Nilikuwa nakuona wewe, dada, unakunja kanga za Mama na kuzitia kwenye begi.

Kumbe huko juu taarifa iliwashtua. Kuomba kivuko miaka yote hiyo hakukumtoa mtu kitini, lakini mgogoro wa kikabila uliwatoa wote siku moja. Yakaja magari mawili. Alikuwemo bwana mkubwa mmoja mwenye hotuba ya umoja mfukoni, alikuwemo diwani, na kwa kuwa ugomvi ulisemekana ni wa mahali pa kujenga, wakamchukua na mhandisi, dada mmoja anaitwa Justa. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Bwana mkubwa akasema kwanza waende ng'ambo nyumbani kwa yule bibi, wakamtulize. Tukamwambia korongo limejaa. Akatazama, akasema haya ni maji ya kuoshea miguu, na gari lake ni la kazi.

Gari lilifika katikati ya korongo likakaa kama mgeni aliyekaribishwa chakula.

Nilimwona bwana mkubwa akishuka na viatu mkononi, suruali imekunjwa, hotuba imelowa. Upande wa juu na upande wa chini wakaingia majini pamoja kulisukuma lile gari, Wasukuma na Wazaramo bega kwa bega, matope mpaka kwenye nyusi. Ambokile naye aliingia. Ile suruali niliyompunguzia ilichanika, nitamshonea bure. Wote wakatoka upande uleule walioingilia, na bwana mkubwa akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusuluhishwa, hao wanaogombana wako wapi.

Akaonyeshwa. Yule bibi hakuwa ng'ambo hata kidogo. Alikuwa huku barabarani, amekaa kwenye kiti cha Magembe mbele ya bucha ya Magembe, kofia ya Magembe kichwani, anakunywa supu ya Magembe na kuisema haina chumvi. Magembe alikuwa amesimama pembeni na jagi la maji ya kunawa, akimwomba kofia yake maana jua limemzidi.

Justa ndiye aliyeanza kucheka. Akashika tumbo. Akawaambia wakubwa wake kwamba yeye ni Mnyamwezi wa Tabora na kwamba hapa hakuna mgogoro, hapa kuna undugu. Bibi aliposikia Mnyamwezi akaweka bakuli chini, akasema kumbe serikali imemletea mtumwa mwingine, na huyu kasomeshwa kabisa. Justa akajibu kwamba yeye amekuja kurudisha ile chumvi, ina mchanga. Taarifa ya Ambokile, dada, ilikuwa imeandika kila kitu, mpaka mchanga.

Kwa kuwa wakubwa walikuwepo na watu walikuwepo, mkutano ukaendelea palepale mbele ya bucha. Justa akasema kitaalamu pote pawili panafaa, juu na chini, ni wananchi kusema. Kila mtu akawa anamtazama Magembe, maana upande wa juu wote ulikuwa unamfuata yeye. Sasa, kitu kilichochukuliwa na mtani hakirudi bure, hukombolewa, na mwenye kukishika ndiye hutaja kima. Magembe akamwuliza bibi anataka nini. Bibi akanyoosha mkono kuelekea njia ya kituo cha afya. Magembe akaitazama bucha yake, akaitazama ile njia, akajikuna upara.

"Chukua kivuko, bibi," akasema. "Nipe kofia."

Diwani akauliza kama hilo ni mzaha au ni hoja. Magembe akasema hajawahi kuwa na mzaha wa gharama kiasi hiki. Mwenyekiti akaita mikono, ikapanda ya juu na ya chini, na wa kwanza kunyoosha alikuwa Ambokile, ambaye si mkazi wa muda wa kutosha hata kupiga kura, tukamwacha. Usimwonee Magembe huruma sana, nasikia ameshaanza kuulizia fremu ya duka huku chini kwetu.

Na juzi lori likashusha makalavati. Watu walitoka majumbani kwenda kuyashika, dada, kama wanashika ng'ombe wa mahari. Vijana wa pande zote mbili wanachimba, Justa amevaa buti anawafokea, na fundi anasema kabla masika haijachanganya watu watakuwa wanapita. Mimi mwenyewe nimebeba mawe mpaka vidole havishiki sindano.

Sasa lile jina.

Yule bibi ni Mama. Najua ulishaanza kunusa kwenye supu. Najua pia unachotaka kuuliza: alifikaje mkutanoni, na korongo lina maji, na mimi niliapa? Nilimkataza, dada, nikamfungia hata viatu sandukuni. Akamtumia Magembe salamu, Magembe akaja na buti zake ndefu, akachuchumaa mlangoni kwetu ng'ambo, Mama akapanda mgongoni kama anapanda bodaboda. Akavushwa siku ya mkutano, na siku ya wageni akavushwa tena, huku akimwelekeza wapi akanyage na kumtukania ukoo wake wote. Kwa hiyo kiapo chako kiko salama. Ulisema asilikanyage korongo, na hajalikanyaga.

Kuna jambo moja silijui. Nilimwuliza Mama kama siku ile, kabla hajasimama, alikuwa anafahamu kwamba mtendaji ni mtu wa Rungwe asiyejua utani wetu. Akaniomba nimsogezee sukari. Nikamwuliza tena, akasema chai imepoa. Ambokile siku hizi anakuja kununua vitumbua kwake, na Mama ameanza kumtafutia kabila la kumtania.

Nisalimie shemeji, nisalimie Shangazi na majirani wote wanaonidai salamu, na wale watoto waambie mjomba anawashonea. Nilitaka kukunja karatasi hapa, lakini Mama kanishika mkono, anataka neno lake liingie kama anavyolisema, nisilipunguze kama suruali za watu. Anasema hivi: mwambie Zena siku ile ya Idi sikunyamaza kwa kukubali. Akodi Kenta ya mizigo aje nayo siku ya kufungua kivuko, aijaze mihogo na nazi za huko, kuna watu wamechimba hapa wanataka kula. Aivushe mpaka mlangoni kwangu, tushushe. Na ikirudi Kisarawe, irudi tupu.

Ndimi mdogo wako, mwenye kiapo kilichobaki kizima,

Mfaume