Libaya ya Sifa Mbele ya Tribini

Uvira, Jumapili nyuma ya misa

Mama yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu. Najua mudogo wangu Mariamu njo atakusomea hii barua, basi Mariamu, usome pole pole na usirukeruke mistari. Mama, goti linasemaje? Dawa ya kuchua niliyotuma na boti ya Kalemie ilifika, ao wenye boti walijichua nayo? Minye (ona, nimeisha kusema kama watu wa huku!) niko muzima kabisa. Chakula kiko, usingizi uko, joto tu njo linatuua. Usitafute musiba mu barua hii, haumo. Leo nakuandikia kwa furaha, na furaha yenyewe haienei mu simu, sababu kila mara nikianza kukuelezea, inakatika.

Kazi yangu unaijua: kutunza wanawake ambao akili yao inatembea pole pole, wale ndugu zao waliwaleta mu nyumba yetu hapa karibu na ziwa. Wako watu wazima. Wengine wananipita umri, wengine wako na mvi. Lakini sisi tulikuwa tunawaita "watoto". Watoto, muamuke. Watoto, mukuje kula. Na nguo zao zote zilikuwa za rundo moja: zinafuliwa pamoja, zinaanikwa pamoja, asubuhi unavuta ile mukono unafikia, unamuvalisha wa kwanza. Leo robe hii iko kwa Nabintu, kesho iko kwa Sifa. Wageni walikuwa wanafika, wanaona sakafu inang'aa, bugali iko moto, hakuna anayepigwa, wanasema, "Nyumba nzuri!" Hata minye mwaka wa kwanza nilisema hivyo.

Sifa njo alinifungua macho. Ni mwanamuke wa Runingu, kule mu tambarare. Kaka yake alimuleta hapa mama yao alipokufa. Maneno yake ni machache, unaweza kumaliza asubuhi nzima bila kumusikia. Lakini kitambaa! Sifa akiona kikwembe kizuri anakishika, hata kama mwenyewe iko ndani yake. Sokoni wameisha kumupiga kofi kwa ajili ya hiyo. Basi sikukuu ya wanawake ya mwezi wa tatu ikakaribia, na unajua namna inakuwa: muji muzima unavaa kikwembe kimoja, wauza samaki, walimu, wauguzi, kila kundi linajipanga kwa difile, kupita mbele ya wakubwa. Sisi watumishi tukapata chetu. Siku nilikileta, Sifa akakishika, akakinusa, akaniuliza, "Ya minye iko wapi?"

Yake haikuwako, hakuna aliyefikiria kuwanunulia. Na unanijua, Mama, kitu kama hicho hakiniache nilale.

Nikaenda kwa Direktrisi, mukubwa wa nyumba yetu. Usimuwaze vibaya: maji ya ziwa yalipopanda na kuangusha ukuta wetu, yeye njo aliwabeba hawa wanawake kwa mugongo, mumoja mumoja. Lakini woga wake unapita ukubwa wa nyumba. Akaniambia, "Faida, watoto wataogopa fanfari, zile ngoma na tarumbeta. Mumoja akianguka pale mbele ya wakubwa, watatucheka mupaka Kamanyola." Nikamujibu, "Mama Direktrisi, mwaka jana bibi ya shefu alianguka na viatu vyake virefu, na hakuna aliyemufungia ndani." Akacheka bila kutaka. Akakubali.

Akakubali, lakini kwa desturi ya nyumba. Alituma vikwembe kwa mushonaji na maneno yale yale ya kila mara: vyote saizi moja, vipana, lastiki kwa shingo, ili kila nguo imuenee yeyote. Hakuna hata mumoja wetu aliona kosa, hata minye mwenye mudomo. Nguo zikafika. Sifa akavaa yake, akajiangalia, akaangalia libaya yangu, blauzi iliyoshonwa kwa kipimo changu, akavua, akakunja vizuri, akanirudishia.

"Hii ni ya kitanda," akasema.

Ee Mungu wangu! Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka, sababu alisema kweli. Tuliwashonea foronya.

Kesho yake nikawapeleka wote kwa Papa Byamungu, yule mushonaji, mwenye mashini yake kwa baraza karibu na soko. Direktrisi alisema, "Muende, lakini kitu kikitokea, ni kichwa chako." Wateja walijaa pale, kila mutu na haraka yake, sikukuu imeisha kufika mulangoni. Papa Byamungu akaniuliza, "Huyu anataka modeli gani?"

"Papa, ulimi iko nao. Umuulize."

"Atajua?"

"Umuulize kwanza."

Akamuonesha zile picha za modeli zilizobandikwa kwa ukuta. Sifa akasimama mbele yake. Akaangalia. Akaangalia tena. Mama mumoja nyuma yetu akasonya: "Tulale hapa sababu ya kichaa?" Nikageuka, nikamuambia libaya aliyovaa inamubana hivyo sababu yeye alichagua haraka. Baraza nzima ikacheka. Sifa hakugeuka hata. Akainua kidole, akakiweka kwa picha ya libaya yenye mikono iliyovimba kama mandazi, kiuno kimebanwa, shingo wazi.

"Mikono hiyo inakula kitambaa," Papa Byamungu akasema. Lakini lile gunia la kwanza alilomushonea lilikuwa pana sana. Akalifumua, na mikono yote miwili ikapatikana humo humo, hata kipande cha kufunga kichwani kikabaki. Alipomupima na utepe, Sifa akaangua kicheko: "Inanitekenya!" Nadhani hakuna mutu aliwahi kumupima tangu azaliwe. Nabintu akachagua ya bila mikono. Mwenzake akataka mifuko pande zote mbili, na akaipata.

Siku ikafika. Tukajipanga kwa barabara kubwa, nyuma ya wamama wauza samaki, wale wa ndagala, Sifa mbele, Direktrisi pembeni ameshika rozari. Hapo njo akatokea mwanaume wa protokole, yule wa kupanga makundi, filimbi kwa shingo.

"Nyinyi ni kundi gani?"

Nikamuambia.

"Ah, hapana. Walemavu wako na siku yao, mwezi wa kumi na mbili. Leo ni siku ya wanawake. Muwakalishe pale kwa kivuli, tutawaletea biskuti."

Damu ikanipanda. Nilikuwa tayari kumumeza yeye na filimbi yake. Lakini Direktrisi akanitangulia: "Papa, hawa watoto wamejitayarisha wiki nzima..."

"Minye si mutoto."

Ni Sifa. Alikuwa ametoka mu mustari, amesimama mbele ya yule papa, ile mikono imevimba pande zote mbili.

"Minye ni mwanamuke."

Yule papa akainua filimbi yake. Mama mumoja munene wa ndagala akageuka: "Wee papa! Weye hauone? Mwanamuke amekuambia yeye ni mwanamuke, unataka akuletee shahidi?" Wenzake wakacheka, wakaweka mikono kwa kiuno. "Kama hawa hawapite, na sisi hatupite. Utapitisha fanfari yako peke yake!" Sasa nyuma walimu wanapiga makelele, barabara imefungwa, jua linawaka, kule tribini, jukwaa la wakubwa, wanangojea. Yule papa akafuta jasho, akapiga filimbi. "Mupite! Mupite basi!"

Tulipita, Mama! Ngoma zilipolia, Nabintu akaziba masikio. Nikamushika kiuno, akatembea na masikio yake yamezibwa mupaka mwisho, na hakuna hata mutu alianguka. Sifa alitangulia. Mbele ya tribini sharti ni moja: unapunga mukono, unaendelea, hausimame. Sifa alisimama. Akageuka pole pole, mbele, ubavu, mugongo, ubavu wa pili, ili kila aliyeketi pale aone vizuri namna ile mikono imeshonwa. Filimbi inalia, yeye hana habari nayo. Vigelegele vilivyotoka pale, hata nyinyi huko Kalemie mulipaswa kuvisikia! Wamama wa ndagala, waliokuwa wameisha kupita, wakarudi mbio kuvipiga upya. Wenye kuketi wakasimama, wakapiga makofi. Nililia mbele ya muji muzima na sikujifuta. Direktrisi alikuwa anacheza, rozari inaruka juu. Tulishinda, Mama, tulishinda muchana kweupe!

Rundo la nguo limekwisha. Direktrisi mwenyewe aliita seremala. Sasa kila mwanamuke iko na sanduku lake, na musumari juu ya kitanda chake. Asubuhi tunauliza, "Leo unavaa nini?" na tunangojea. Uji unapoa, tunakunywa baridi, hakuna aliyekufa kwa hiyo. Neno "watoto" bado linamuponyoka Direktrisi, na likimuponyoka, Sifa anamukoholea.

Na juzi kaka yake akafika toka Runingu. Habari zilimufikia. Alizoea kuleta muhogo, anauacha mulangoni, anaenda zake. Safari hii alikaa, sababu Sifa alimungojesha: alikuwa anavaa. Alipotoka na libaya yake, kaka akasimama wima kama mbele ya mukwe. Akasema binti yake anaolewa nyuma ya Pasaka, na kwao bibi arusi hatoki nyumbani kama shangazi hajamushika mukono. "Niliisha kuomba dada wa mbali ashike nafasi," akasema, macho chini. "Lakini shangazi yake ni weye. Utakuja?"

Sifa akanyoosha mikono ya libaya yake.

"Tunashona lini?"

Basi Mama, boti inaondoka alasiri, nimalize. Umusalimie baba mudogo muvuvi, umuambie ndagala za huku ni tamu kuliko zake, akasirike vizuri. Umusalimie shangazi anayeuza chumvi, na mama yangu wa ubatizo, na weye Mariamu mwenye kusoma, kama kweli umesoma yote. Kisha uvuke njia mupaka kwa jirani yetu Mama Zena. Naye umusalimie. Lakini mu chumba cha nyuma iko kijana wake Luka, yule anayefungiwa kila wageni wakifika. Ni mwanaume mwenye ndevu sasa. Umuombe mama yake afungue mulango. Umusalimie Luka yeye mwenyewe, kwa jina lake, si kupitia mama yake; umuambie ni Faida anamusalimia toka Uvira. Halafu ukae, ungojee anijibu, hata jibu likichelewa.

Binti yako anayekupenda,
Faida