Baba Mkwe Ameipaka Baiskeli Yangu Rangi ya Geti

Usipige simu, niko chooni na sitaki wanisikie.

Unaijua ile baiskeli yangu kongwe ya milimani, ya fremu ya chuma. Ile niliyoibadilishia gia na breki lakini rangi sikuigusa, maana rangi ya kiwandani na zile stika ndiyo thamani yake yote.

Baba mkwe ameipaka rangi ya geti.

Ya geti, ndugu yangu. Kijani. Nimerudi kazini nikamkuta uani na brashi mkononi, shati lote madoa, anatabasamu. Mzee ambaye tangu nimwoe binti yake ananiita "wewe bwana".

Akaniambia, "Mwanangu, nimeona unahangaika na hiki chuma chakavu, nikasema nikusaidie. Stika zilikuwa zimeng'ang'ania, nimezikwangua kwa kisu."

Kwa kisu.

Hata mnyororo ameupaka. Mke wangu kasimama nyuma yake, kanitolea yale macho ya "thubutu uone, utalala na hiyo baiskeli".

Nilitaka kulia, wallahi. Ila nimekwama kwenye lile "mwanangu". Miaka yote hajawahi.

Nikasema, "Asante sana baba, imependeza."

Mzee akafurahi hadi akanishika bega. Akasema rangi imebaki nusu kopo, kama nina baiskeli nyingine niilete.

Ninayo, unajua. Ile nyekundu, iko stoo.

Nimemletea. Usiniulize.

Sasa hivi anaipiga msasa, ananiita nikamshikie tairi. Ngoja niende.