Fuvu la Kabati la Maabara

Shoga, uko wapi?

Unalikumbuka lile fuvu la maabara, lenye kibandiko cha "sokwe"? Leo nafundisha jinsi sisi na sokwe tulivyoachana njia. Nikawaambia tundu la chini ya fuvu, la kupitishia uti wa mgongo, kwa sokwe liko nyuma, kwetu liko katikati, kwa kuwa tunatembea wima.

Binti wa dawati la mbele akaligeuza. "Mwalimu, mbona hili liko katikati?"

Katikati, shoga. Na chonge fupi kama zangu. Nikalipeleka ofisini.

Mkuu wa shule ananiambia, "Lirudishe kabatini, unyamaze."

Sijalirudisha. Ninalo mapajani, nimelifunika kwa mtandio.

Miaka sita nimekishika kichwa cha mtu nikiwaambia watoto, huyu si mwenzetu.