Rangi ya Mkono Mmoja kwenye Ukuta wa Chokaa

"Mkono mmoja unatosha, kaka. Mikono miwili ni ya rangi za bei chee."

Hayo ni maneno ya muuza rangi wa hapa Ng'ambo, Jumatatu, ameegemeza kiwiko juu ya galoni la bei ghali kuliko yote dukani. Mkono, kwa mafundi, ni kupaka ukuta mara moja. Nilimwambia hakuna rangi ya namna hiyo, kwamba ni maneno ya kumlia pesa mtu mwenye haraka. Nikabishana naye mpaka wateja wengine wakaanza kucheka.

Kisha nikalinunua. Nilikuwa na haraka.

Leo ni Alhamisi. Joto la kabla ya mvua. Mawingu yamejikusanya toka adhuhuri na hayatoi kitu. Nina chokaa mpaka kwenye nyusi.

Mama anarudi Jumamosi. Amepasuliwa mtoto wa jicho na sasa yuko kwa dada yangu, kule Itetemia. Dada anasema juzi alihesabu kuku uani, akaanza upya, akahesabu tena, kwa raha tu ya kuwaona. Chumba chake hapa kwangu hajakiona vizuri kwa miaka.

Na mimi sijakipaka rangi kwa miaka hiyo hiyo.

Niandike sababu, maana hapa mtandaoni huwa nawadai wengine ukweli. Nilijiambia: haoni, nipake kwa ajili ya nani? Sebule niliipaka kwa ajili ya wageni. Chumba cha mama kilibaki na chokaa ya tangu baba yu hai. Kutoka kitandani hadi mlangoni kulikuwa na mstari mweusi, usawa wa kiuno, mahali alipokuwa akipitisha kiganja ili asijikwae. Mstari huo ndio niliotaka ufutike kwa mkono mmoja kabla hajafika.

Jumanne nilianza na sebule, kwa udadisi. Ukuta ule ulikuwa na rangi ya maji, mzima, haujapasuka. Nikapitisha rola mara moja, nikasubiri ikauke, nikawasha taa, nikatazama kwa pembeni nikitafuta kosa. Sikulipata. Muuza rangi alisema kweli, na inaniuma kuandika hivyo.

Nikaingia chumbani kwa mama kwa kiburi. Mstari ukapotea. Nilisimama mlangoni nikiutazama ukuta mweupe, nikajiona mtoto mwema.

Jana asubuhi rangi ilikuwa imevimba na kubanduka, kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemka. Iliachia pale pale penye mstari.

Leo nimemwita Mwajuma, fundi rangi wa mtaa wa pili, mwanamke asiye na subira na mtu yeyote. Alishika kipande kimoja akakivuta, kikatoka na upana wa kanga. Akageuza upande wa nyuma anionyeshe unga mweupe.

"Rangi yako nzuri, kaka. Imeishika chokaa barabara. Chokaa ndiyo haijaushika ukuta."

Akaniambia tukwangue yote, tuoshe, tuache ukuta ukauke, ndipo upakwe. Nikamuuliza kama hakuna njia ya mkato. Akasema huwa anasoma ninavyowakwangua wakubwa mtandaoni. "Ukuta wa mama yako ndio umeuonea huruma?"

Nikainama kuokota vipande vilivyobanduka.

Kisha akapitisha kiganja juu ya sehemu ambayo sikuipaka, akaniinulia. Kilikuwa cheupe.

Nikakumbuka kanga za mama. Kila siku zilikuwa na alama nyeupe upande wa kulia, mahali alipojifuta mkono. Niliziona miaka yote hiyo. Nikadhani ni unga wa ugali.

Tumekwangua tangu saa nne. Kesho jioni, ukuta ukikauka, ni mkono wa kwanza, na Jumamosi alfajiri wa pili, hata kama wa kwanza utafunika. Mama akiniuliza mbona kunanuka rangi mpya, nitamwambia yote, pamoja na ile chokaa ya kwenye kanga zake.

Basi, je, rangi hiyo inafaa kununuliwa? Kwa ukuta mzima uliokwisha kupakwa rangi, ndiyo, na nimeyameza maneno yangu. Kwa nyumba zetu za chokaa, hapana, mpaka ukwangue. Muuza rangi, kabla ya kutaja bei muulize mteja ukuta wake una nini.

Na wewe unayeishi na mzazi ambaye macho yamemfifia, sikutumi dukani. Leo, kukiwa bado na mwanga, ingia chumbani kwake. Fungua dirisha. Pitisha kiganja ukutani kutoka kitandani hadi mlangoni, ukitazame.