Koti la Hatibu

Jumatatu, 30 Juni 2025

Nimepata kazi. Nina miaka sitini na sita na nimepata kazi – tena bosi wangu ni binti mdogo kuliko begi ninalobebea daftari. Anaitwa Queen. Anasimamia maonyesho ya picha yatakayofunguliwa Siku ya Mashujaa, tarehe 25, kwenye lile jengo la zamani karibu na bandari ya Tanga. Ana sanduku la picha arobaini na moja za wakati wa vita vya Kagera. Watu waliomo wote wamevaa koti la jeshi. Majina hakuna. Kazi yangu ni kutafuta majina.

Kwa nini mimi? Kaambiwa nilikuwa karani wa shamba la mkonge miaka thelathini na sijawahi kusahau jina la mtu. Si kweli. Nimesahau wengi sana, ila nilikuwa nimewaandika.

Picha zimetoka studio ya marehemu Hatibu, Muheza. Ni zile ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Queen anasema hawakurudi kwa sababu walikufa vitani. Siku ya kwanza hubishani na bosi.

Sikumwambia pia kwamba kaka yangu Innocent aliondoka Novemba 1978 kwenda vita hivyo hivyo na hatukumwona tena. Hakuniuliza.

Jumanne, 1 Julai

Daftari limefunguliwa. Safu nne: namba, jina, alama za mwili, aliyemtambua. Kila mtu kapigwa picha mbele ya pazia lililochorwa minazi. Muheza minazi ya kweli ipo, lakini Hatibu aliona aichore.

Majina: sifuri. Namba 27 nimeitazama mara moja nikaifunika.

Jumatano, 2 Julai

Ni yeye.

Sikio la kushoto, ncha ya juu haipo. Niliikata mimi, kwa fyekeo, nikiwa na miaka tisa. Damu ilikuwa nyingi kuliko sikio. Innocent akamwambia mama kaangukia mwiba wa mkonge. Mama akaamini, na anaamini mpaka leo.

Nyumbani hatuna picha yake hata moja. Iliyokuwepo ililiwa na mchwa, pamoja na cheti changu cha kipaimara. Nimejifungia kwenye choo cha ofisi nikalia kama mtoto. Basi.

Safu ya jina nimeiacha wazi. Karani hajitolei ushahidi mwenyewe. Na mama sijamwambia. Ana miaka themanini na tisa, kila Novemba anatoa nia ya misa kwa ajili ya Innocent. Nataka aione ukutani, ndani ya fremu, na jina, na neno SHUJAA. Aone sura ya mwanawe kabla hajafumba macho. Sitaki kitu kingine kwenye kazi hii.

Ijumaa, 4 Julai

Ugunduzi! Nimepita picha zote kwa lenzi. Koti limekosa kifungo cha pili kutoka juu – kwa watu thelathini na wanane. Watatu waliobaki wamekunja mikono, haionekani. Nimeandika hitimisho: hawa wote walikuwa kikosi kimoja, na kikosi hicho kilikwenda vitani kikiwa na upungufu wa vifungo.

Queen kafurahi mno. Kaniita mtafiti. Kapeleka maneno yangu yakachapwe kwenye bango.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, lakini tumefanya kazi. Tumekwenda Muheza kwa Kombo, mtoto wa Hatibu. Anatengeneza simu kwenye chumba kile kile cha studio. Queen akamuuliza kama marehemu baba yake aliwahi kutaja kikosi kisicho na vifungo.

Kombo akatazama picha. Akacheka mpaka akashika meza. Akaingia chumba cha nyuma, akatoka na koti.

Koti lenyewe! Kifungo cha pili hakipo.

Lilikuwa la studio. Hatibu alilinunua kwenye mitumba, akawa anawavisha wateja. Wapo waliokwenda vitani kweli, walipita kupiga picha kabla hawajapewa sare. Lakini pia wauza machungwa. Pia bwana harusi mmoja. Mwaka ule, kasema Kombo, nani asingependa kuonekana mwanajeshi? Na kuhusu kutorudi – wengine walikufa, ndiyo, wengine walihama, wengine walionyeshwa picha wakaona wametoka vibaya, wakaziacha.

Kombo kanivisha. Linanibana kwapani. Innocent alikuwa mwembamba.

Tukarudi mjini, tukapita Pongwe. Hapo Queen akasema: Mzee, bango limeshachapwa.

Jumanne, 8 Julai

Bango limegeuzwa. Upande wa pili Queen kaandika kwa mkono: HUYU NI NANI? Mimi naona ni maneno ya kweli zaidi.

Jumamosi, 12 Julai

Siku ya kutambua. Tumetundika picha kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Watu wamejaa. Majina kumi na tisa! Bibi mmoja kamtambua marehemu mumewe, akamsonya, akaenda zake. Namba 8 imekuja kujitambua yenyewe: mzee muuza samaki, hajawahi kufika hata Korogwe. Kasema koti lilikuwa na kunguni.

Kwenye namba 27 hakuna aliyesimama. Nilikaa karibu yake kutwa nzima.

Jumatano, 16 Julai

Niandike polepole.

Tangazo letu lilisomwa redioni. Asubuhi wamekuja wanawake wawili kutoka Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, mama na binti. Mama ni Bi Sabiha. Binti ni Shadya, mwalimu, kama miaka arobaini. Wamepita picha zote bila haraka. Kwenye 27 Bi Sabiha akajiziba mdomo kwa mtandio.

"Shadya, babaako huyu!"

Nikasema kwa heshima, mama, watu hufanana. Shadya akanionyesha simu. Picha ya mwanamume, kanzu na kofia, kapakata mtoto. Mtoto ni Shadya. Sikio la kushoto, ncha haipo.

Jina: Sadalla. Alifika Mwera mwanzoni mwa 1979, peke yake. Akasilimu, akaoa, akalima. Kafa 1997 kwa homa, kazikwa huko huko. Alikuwa mpole, kasema Bi Sabiha. Watu walimpenda. Safari tu ndiyo hakuipenda – Tanga mjini hakutaka hata kuisikia.

Nikauliza habari ya sikio. Karani lazima aulize.

Bi Sabiha akahuzunika. "Alikatwa na mdogo wake wakicheza. Laurenti. Naye masikini kafa huko huko Kagera. Mume wangu akimtaja, alikuwa hali chakula. Mpaka leo kila mwaka twamsomea dua. Alikuwa Mkristo, lakini hayo Mungu ndiye ajuaye."

Nilishika meza kama Kombo, ila sikucheka.

Ofisini wote wananiita Karani. Shukrani kwa Mungu! Hakuna aliyelitaja jina langu.

Wakati wa kuaga Shadya akaniomba: kama kwenye sanduku mna picha ya baba mdogo Laurenti, mtutafutie, hatujawahi kumwona. Nikasema nitatafuta. Na kwa kuwa nimezoea kuandika kila kitu, nimeandika: Inatafutwa picha ya Laurenti, marehemu.

Alhamisi, 17 Julai

Nina hasira. Miaka kumi na minane alikuwa hai! Mwera! Unatoka Tanga asubuhi, unavuka mto Pangani, mchana umefika. Mama alikuwa anasikiliza kila mlango unaogongwa. Baba kafa 1985 akimwita yeye, siyo mimi niliyeshika beseni. Na kaka alikuwa Mwera analima.

Kilichotokea hakuna wa kuniambia, lakini nakijua. Tulimuaga. Kambi nzima ya mkonge. Mbuzi wawili, ngoma mpaka asubuhi, padre kambariki, mama kavua rozari yake kamvisha mbele ya watu. Mtu uliyemchinjia mbuzi wawili hawezi kurudi keshokutwa kusema ameogopa. Akapita kwa Hatibu, akapiga picha ya kishujaa, akavua koti, akashika njia nyingine.

Huko walipomuuliza ndugu zake, akaniua mimi. Kaniua vizuri, kwa heshima. Kanipa vita vyake.

Miaka yote ile mimi nilimwombea yeye na yeye akiniombea mimi, wote wawili tukila ugali.

Jumapili, 20 Julai

Tunatoka misani mama kaniuliza picha zimefikia wapi. Halafu, bila kunitazama: Innocent yumo?

Nikasema sijamaliza kuzipitia. Uongo, hata ngazi za kanisa hatujazimaliza.

Akasema: "Kamalize."

Nikimwandika shujaa, nawadanganya watu wa Tanga nzima, na watu wa Mwera watanisuta hapo hapo. Nikisema kweli, mama anaambiwa mwanawe hakumfia, alimkimbia. Nikinyamaza – Shadya ana wadogo zake watatu. Wajukuu wanne. Mimi Mungu hakunijalia mtoto. Mama anajua hana mjukuu hata mmoja duniani, na husema hivyo kwa wageni, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema hana chumvi.

Jumanne, 22 Julai

Queen anataka maneno ya kibao cha 27. Kwa utaratibu niliouweka mwenyewe, mashahidi wawili wanatosha. Mke na binti. SADALLA, MWERA. Anauliza tatizo liko wapi. Nikasema nina shaka na sikio. Kaniangalia kama bango lake lililokosewa.

Jioni nimeitoa 27 ukutani, nikaitia kwenye begi. Nikafika mlangoni. Nikairudisha. Miaka thelathini sijawahi kumfuta mtu kwenye orodha akiwa hai wala amekufa.

Alhamisi, 24 Julai

Nimemwambia mama kesho kuna joto, kuna ngazi, kuna hotuba. Abaki. Kanyoosha kitenge.

Shadya kapiga simu ofisini. Wanakuja watano.

Ijumaa, 25 Julai. Saa tano asubuhi

Naandikia stoo, juu ya boksi la maji.

Mama kaja kwa bajaji, peke yake. Nilimwekea kiti mbali, karibu na namba 1. Hakukaa. Kashika fimbo, kaanza: 1, 2, 3. Kila picha anasimama. Mimi nyuma yake na daftari, jasho linanitoka. Kibao cha 27 kilikuwa mfukoni mwangu, kitupu.

Shadya na wenzake walikuwa pale pale kwenye 27. Shadya, kumwona bibi kizee, akampisha. "Shikamoo bibi."

Mama hakuitikia. Yeye, ambaye huitikia mpaka shikamoo za redioni! Aliinua kidole akakiweka kwenye kioo. Juu ya sikio.

Akasema kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri, ukumbi mzima ukasikia: "Innocent. Sikio hili kalikata Laurenti. Wakaniambia eti mkonge."

Kumbe alijua. Miaka hamsini na saba!

Shadya akasogea. Akauliza polepole, bibi, huyo Laurenti wewe umemjulia wapi?

Mama akageuka. Akamtazama usoni muda mrefu – paji, pua, kidevu – kama alivyotazama picha. Akasema, huku bado anamtazama: "Mwanangu. Si yule pale, mwenye daftari."

Watu wote wakaangalia daftari. Bi Sabiha akasema jina la Mungu. Nikasema nakwenda kuchukua kalamu.

Kalamu nilikuwa nayo. Ndiyo hii.

Ukutani nasikia kila kitu, mbao ni nyembamba. Sauti ya mama, imechelewa: "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Halafu kiti kinavutwa. Anawauliza majina, mmoja mmoja. Anayarudia. Queen anauliza jamani Karani yuko wapi, kibao kiko wapi. Anauliza aandike nini.

Viatu vinakuja huku. Hodi. Ni Shadya. Sijaitika.

Hodi ya pili. Baba mdogo, anasema, upo?