Herufi Moja Katika Wimbo wa Rebeka

Jumanne, 5 Agosti

Mazoezi tena. Saa kumi kamili, ukumbi wa kanisa, baridi ya kuuma vidole. Mwalimu Zakayo akagonga kile chuma chake cha sauti kwenye goti, akakiweka sikioni, akatupa sauti ya do. Goti lile lile kwa miaka arobaini. Wawili walichelewa, akawasimamisha mlangoni kama watoto wa shule. Mmoja wao ana wajukuu sita.

Kati ya wanane tulioanzisha kwaya ya Ngazi Saba tumebaki wanne. Tarehe 31 tuna ibada ya miaka arobaini. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo nimepewa kazi ya kuandika historia ya kundi, kijitabu cha kugawa mlangoni. Mwalimu anataka iwe fupi na imtukuze Mungu. Namjua. Anataka imtukuze Mungu, kisha Mwalimu.

Koo linawasha. Tangawizi imeisha.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefungua sanduku la bati. Panya wamekula nusu ya picha ya safari yetu ya kwanza, wakabakiza miguu. Daftari la solfa, la noti za nyimbo, bado lipo. Nyimbo zetu zote za mwanzo zimo, kwa mwandiko wa Rebeka. Ndiye peke yake aliyeweza kusikia wimbo kichwani akauweka kwenye karatasi.

Ukurasa wa kumi na mbili. Wimbo wetu mkubwa, ule ambao Nakuru nzima inatujua nao. "Umetoa mahari kwa ajili yangu." Juu kulia, palipokuwa na jina la mtunzi, karatasi imekwanguliwa kwa wembe. Ukiinua dirishani, mwanga unapita.

Ni mimi niliyekwangua. Naandika hapa kwa sababu sijawahi kuandika popote.

Rebeka alikuwa alto wetu wa kwanza na rafiki yangu. Mwaka wa tatu wa kundi akapata mimba bila ndoa. Baba wa mtoto, dereva wa lori wa Mai Mahiu, akapotea na lori lake. Wazee wa kanisa wakamtenga Rebeka. Ikasemwa kanda tuliyokuwa tunarekodi haiwezi kutoka na jina la mwanamke wa namna hiyo. Mwalimu akaniangalia mimi, katibu. Nikaenda nyumbani nikachukua wembe wa mume wangu. Kanda ikatoka na jina la Mwalimu Zakayo, nami nikapewa nafasi ya Rebeka, ile ya kuanzisha wimbo peke yangu kabla wengine hawajaingia. Nimeuanzisha miaka thelathini na saba.

Jumapili, 10 Agosti

Mwalimu ametoa ushuhuda kanisani. Kwamba wimbo ulimjia siku alipopeleka mahari kwa wakwe zake Molo. Bwana akamwambia, Zakayo, mimi nami nimetoa mahari kwa ajili ya bibi arusi wangu, kanisa. Watu walilia. Mimi mwenyewe nimewahi kuulilia ushuhuda huo, miaka ya nyuma.

Lakini kuna mstari wa pili, "mbali na mvua, mbali na baridi", ambao haujawahi kukaa vizuri na mambo ya mahari. Leo alisema mvua ni dhambi na baridi ni uvuguvugu wa kiroho. Mwaka jana mvua ilikuwa majaribu. Mtu aliyetunga wimbo hahitaji kuutafsiri upya kila mwaka.

Nina hasira. Nusu yake najikasirikia mwenyewe.

Jumanne, 12 Agosti

Niliandika kwenye rasimu: wimbo huu ulitungwa na Dada Rebeka, mmoja wa waanzilishi. Sentensi moja tu.

Baada ya mazoezi Mwalimu akaisoma akiwa amesimama, kalamu nyekundu mkononi. Amestaafu kufundisha lakini kalamu haijastaafu. Akapiga mstari.

"Dada Tabitha, hii si history. Hii ni kufukua kaburi."

Nikamwambia Rebeka hajafa, yuko Kabazi analima viazi. Akakunja karatasi taratibu, akanirudishia.

"Basi ukiwaambia watu, uwaambie pia nani alishika wembe."

Miaka yote nilidhani amesahau. Nimetembea hadi nyumbani Section 58 bila kuona barabara.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimetoka Kabazi. Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Rebeka amezeeka vizuri. Mgongo wima, meno yote. Alinipa kiti na chai, hakunipa mkono. Nikasema nimekuja kuhusu wimbo. Akaweka kikombe chini.

"Mlinicheka vizuri sana," akasema. "Msichana ametoka kwenu na tumbo, kwao hakuna mtu ameleta hata mbuzi. Halafu mnaingia studio mnaimba mahari. Kwa redio. Mama yangu akiwa hapo anaskia."

Sikuelewa. Nikamwambia lakini hayo ni maneno yake mwenyewe. Akasema hapana, yeye aliandika mahali. Namna alivyolitamka, nilisikia mahari vilevile. Tukabaki hivyo, yeye anasema mahali, mimi nasikia mahari, vikongwe wawili wanaorushiana neno moja. Mwishowe akapiga meza.

"Place, Tabitha. Place! Ile store ya kanisa. Si tulilala huko msimu wote wa mvua, baba akifukuzwa kwa shamba? Si wewe ndio ulituletea blanketi?"

Mbali na mvua, mbali na baridi. Mungu wangu. Mvua ilikuwa mvua. Baridi ilikuwa baridi. Alikuwa anamshukuru Mungu kwa sakafu ya stoo, kati ya viti vibovu na mapipa ya maji. Na sisi tukamwimbia mahari, yeye ambaye hakuna aliyemtolea.

Nilikuwa na daftari kwenye mkoba. Nilisita. Nikiliacha ndani, ataendelea kuamini tulibadilisha neno kwa makusudi. Nikilitoa, ataona. Nikalitoa. Ukurasa wa kumi na mbili, mwandiko wake, wino wake: mahari. Sisi watu wa huku r na l hatujawahi kuzitenganisha, mdomoni wala kwenye kalamu. Yeye aliandika alivyosema, nami nikasoma nilivyosikia.

Akavuta daftari karibu. Akafunika neno kwa kidole, kama mtoto anayeficha hesabu aliyokosa. Akasema amenichukia miaka thelathini na saba kwa kosa lake mwenyewe.

Nikamwambia la neno ni lake, la jina ni langu. Nikamweleza wembe. Yote. Akainuka akaenda kumwangalia ng'ombe wake, akakaa huko hadi chai ikapoa. Aliporudi hakusema amenisamehe. Alisema habari ya jina nitajua mwenyewe na Mungu, yeye anataka neno lake liimbwe. Nikamtajia tarehe 31. Hakusema kama atakuja.

Jumamosi, 16 Agosti

Mahali. Mahali. Mahali. Mbele ya kioo, ncha ya ulimi juu ya meno. Nikisema polepole linatoka. Nikiimba linageuka. Njeri, binti yangu, amekuja kunichapia kijitabu, akanisikia kutoka jikoni akauliza ni nani anaolewa. Amecheka mpaka akakaa chini. Anasema nimekuwa nikimwambia "kura chakura" tangu azaliwe.

Nilicheka pia. Halafu nikaogopa. Kama ulimi wangu hauwezi, nia yangu haina kazi.

Jumanne, 19 Agosti

Nimemwambia Mwalimu kuhusu neno. Faragha, kwa heshima, daftari wazi mbele yake. Nilimwona anaelewa. Rangi ilimtoka usoni. Maana kama ni mahali, basi hakukuwa na Molo, hakukuwa na sauti ya Bwana njiani, hakukuwa na ushuhuda. Kuna mtu mmoja tu aliyejua wimbo unahusu nini, na huyo hakuwa yeye.

Kwa dakika moja nilimhurumia. Nadhani ameshaamini aliutunga. Ukisema jambo miaka thelathini na saba huku watu wakilia, hata wewe unaliamini.

Kisha akafunga daftari. Kijitabu kinaenda kuchapwa kama alivyokisahihisha. Na nikileta fujo, Eunice ataanzisha wimbo. Eunice ana miaka ishirini na minne na sauti safi kuliko yangu. Nilichukua daftari nikaondoka. Mwoga ni mwoga hata akiwa na mvi.

Jumanne, 26 Agosti

Mwalimu amenisimamisha mbele ya kundi zima. Akasema kuna roho ya mgawanyiko inatutembelea, na Dada Tabitha atatuhakikishia kwamba Jumapili ataimba wimbo ulivyo. Wote wakanigeukia. Eunice aliangalia viatu vyake.

Nikasema, "Nitauimba alivyoutunga mtunzi."

Wakasema amina. Mwalimu aligonga chuma kwenye goti, kikateleza kikaanguka. Sijawahi kukiona kinaanguka.

Jumamosi, 30 Agosti

Vijitabu vimefika. Karatasi nzuri. Ukurasa wa nne: mtunzi, Mwalimu Zakayo. Chini kabisa: historia imeandikwa na Tabitha, katibu. Mkono wangu kwenye uongo, mara ya pili. Nimevipanga mezani ukumbini mwenyewe, hamsini hamsini.

Nimejaribu neno mara ishirini. Mara kumi na moja limetoka sawa. Tisa, mahari. Sijaweza kunywa hata uji.

Jumapili, 31 Agosti

Rebeka alikuja. Kitambaa cheupe, benchi la mwisho karibu na mlango. Nilimwona tukipanda jukwaani.

Mwalimu akatupa do. Wimbo huu nauanzisha peke yangu, hakuna pa kujificha. Nikavuta pumzi. "Umetoa..." na hapo nikakaa. Nikashikilia ile a ya mwisho kuliko inavyoandikwa, nikitafuta ulimi wangu. Mwalimu aliinua macho. Nikauweka ulimi juu ya meno nikaimba mahali. L nzito kama mtu anayejifunza kusema. Lakini l.

Kundi likaingia na mahari, kwa mazoea. Ikagongana, mbaya sana, watu wa mbele walisikia. Mwalimu akanikazia macho, mkono wake ukiendelea kupiga mapigo. Mbali na mvua, mbali na baridi. Ubeti wa pili naanzisha tena mimi. Mahali. Na wakati wa kujibu Eunice aliimba mahali, peke yake, juu ya wengine wote. Kisha kama watatu. Ubeti wa tatu sikuweza kuhesabu. Mkono wa Mwalimu ulikuwa bado unapiga, lakini mdomo wake, ambao hutuimbia maneno yote kimyakimya, ulikuwa umefungwa.

Tulipomaliza nilitakiwa kurudi mstarini. Nikabaki mbele nikasema wimbo huu ulitungwa na Rebeka wa Kabazi, na jina lake nililifuta mimi kwa wembe. Nilisema haraka. Sikumtaja Mwalimu. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyesema amina, mtoto mmoja alikuwa analia. Nilipoangalia benchi la mwisho lilikuwa tupu.

Nilidhani nitasikia nafuu. Nasikia aibu tu, na njaa.

Jumanne, 2 Septemba

Siku ya mazoezi. Sikuenda. Jana Mwalimu alituma ujumbe kwamba kamati imenipumzisha. Hakuandika salamu. Saa kumi ilipofika koo lilijiandaa lenyewe.

Saa kumi na moja mlango ukagongwa. Rebeka, ameleta viazi kwenye mfuko. Akaketi bila kuambiwa. Akasema Jumapili aliondoka kwa sababu hakutaka kulia mbele ya wale watu. Kisha akaomba daftari na kalamu.

Akafungua ukurasa wa kumi na mbili. Akaandika jina lake pale nilipokwangua. Karatasi ni nyembamba, wino ukasambaa, jina likavimba, lakini linasomeka. Halafu akashuka kwenye mstari wa kwanza, akaigeuza ile r kuwa l, kwa makini, akapuliza ikauke.

"Kosa hili lilikuwa langu," akasema. "Lile la juu lilikuwa lako."

Tukala viazi. Akauanzisha wimbo kwa sauti ya chini, akiwa ameketi, nami nikaingia mahali pa wengine. Sauti yake imekuwa nzito. Alisahau l ubeti wa pili, sikumwambia.

Mvua imeanza, ile ya Septemba yenye upepo. Alitaka kuondoka. Nimemwambia asiende na mvua hii, mahali pa kulala papo. Neno lilitoka sawa, na sikuwa nimelifikiria. Nimemtandikia kitanda cha Njeri, blanketi mbili.